Umbali Tu, Si Njia: Wenye Magari ya Umeme Walipieje Barabara

Mheshimiwa Mwenyekiti, waheshimiwa wabunge mliojiunga nasi, wahandisi, wahasibu, na ninyi madereva mliokuja kusikiliza: nawasalimu nyote kwa heshima.

Nimeombwa nizungumzie namna serikali zinavyoweza kuwatoza wenye magari ya umeme kwa kila kilomita wanayokwenda. Nitataja msimamo wangu mapema, ili mengine yote myasikilize mkiujua. Naamini malipo ya kilomita ni ya haki, na naamini yatakuja katika kila nchi inayotaka barabara zake zidumu. Naamini pia kwamba serikali ina haki ya kujua gari limekwenda umbali gani, lakini haina haki ya kujua limekwenda wapi. Mipango mingi ya aina hii imekwama kwa sababu mambo haya mawili yalifungwa kwenye furushi moja, na wananchi walipokataa la pili wakawa wamelikataa na la kwanza.

Kodi ya mafuta ilibuniwa vizuri kuliko kodi nyingi. Mwaka 1919 jimbo la Oregon nchini Marekani lilianza kutoza senti moja kwa kila galoni ya petroli ili kupata fedha za barabara, na majimbo mengine yakafuata. Hoja yake ilikuwa nyepesi. Anayeendesha sana huchoma mafuta mengi, na gari zito huchoma kuliko gari jepesi, kwa hiyo kila mtu hulipa kwa kadiri anavyoitumia barabara bila kuulizwa chochote. Serikali haimfuati dereva mmojammoja; inakusanya kwa waagizaji na wasambazaji wachache wa mafuta, naye dereva anakuta kodi imeshaingia ndani ya bei ya lita. Hakuna fomu, hakuna foleni, hakuna ankara ya kusubiri. Kila mfumo tutakaoujadili leo utagharimu zaidi kuuendesha kuliko huo, na ni vizuri tulikubali hilo tangu sasa.

Lakini kodi hiyo ilianza kulegea miaka mingi kabla gari la umeme halijazoeleka. Injini zimekuwa zikinywa mafuta kidogo zaidi kila muongo, na wanasiasa wamekuwa wakiogopa kugusa viwango. Kodi ya shirikisho ya petroli nchini Marekani ni senti 18.4 kwa galoni, na imesimama hapo tangu mwaka 1993, huku gharama za lami, chuma na nguvu kazi zikizidi kupanda. Uingereza iligandisha ushuru wake mwaka 2011, kisha mwaka 2022 ikaupunguza hadi peni 52.95 kwa lita. Kwa hiyo mtu akiwaambia kwamba mwenye gari la umeme ndiye aliyetoboa hazina ya barabara, msimkubalie. Tundu lilikuwepo. Yeye analipanua, na atalipanua kwa kasi, kwa sababu hafiki kwenye pampu kabisa.

Wapo wanaouliza: kama hanunui mafuta, si tumtoze kwenye umeme? Swali ni halali. Tatizo ni kwamba mita ya nyumbani haitofautishi umeme uliochemsha maji na umeme ulioingia kwenye betri ya gari. Ukitaka kutofautisha, itabidi kila mwenye gari afungiwe mita ya pili, na hata hapo mwenye paneli za jua juu ya paa atajichajia mwenyewe na hutamwona. Baadhi ya majimbo ya Marekani, kama Iowa na Kentucky, yameweka kodi kwenye umeme unaouzwa katika vituo vya kuchajia vya umma. Sioni haki hapo. Anayetegemea kituo cha umma mara nyingi ni mpangaji, mtu asiye na maegesho yake, na kwa kawaida tayari analipia umeme huo kwa bei ya juu kuliko mwenye nyumba anayechaji usiku uani kwake. Kodi ya namna hiyo inamwacha mwenye uwezo na kumfuata asiye nao.

Njia nyingine ni ada moja ya mwaka. Texas hutoza dola 200 kila mwaka kwa gari la umeme tangu mwaka 2023. Ni rahisi kukusanya, na ndiyo maana mamlaka nyingi zimeikimbilia. Lakini mzee aliyestaafu, ambaye gari lake hutoka mara moja kwa wiki kwenda kliniki, analipa sawasawa na mchuuzi anayezunguka wilaya nzima kila siku. Na ukishailipa ada hiyo, kila kilomita inayofuata ni ya bure, kama vile barabara haitumiki.

Ndipo tunafika kwenye kilomita yenyewe, na hapa nitakaa zaidi.

Nchi yenye uzoefu mrefu kuliko nyingine katika jambo hili ni New Zealand. Tangu mwisho wa miaka ya 1970 imekuwa na malipo ya kutumia barabara kwa magari ya dizeli na kwa malori, kwa sababu dizeli huko haikutozwa kodi ya barabara kwenye pampu. Haikutozwa kwa kuwa matrekta na mitambo isiyogusa lami nayo hutumia dizeli. Mwenye gari hununua kilomita mapema, kwa mafungu ya 1,000, anapewa kibandiko cha kuweka kwenye kioo cha mbele, na odomita, yaani kifaa cha gari kinachohesabu kilomita, inapokaribia namba iliyoandikwa pale hununua fungu jingine. Gari linapopelekwa kukaguliwa, namba ya odomita inasomwa na kuandikwa. Hakuna setilaiti inayohitajika, hakuna kifaa cha siri. Kwa miongo kadhaa familia na wakulima wenye magari ya dizeli wameishi na mpango huu, na ndiyo maana magari ya umeme yalipoingizwa tarehe 1 Aprili 2024 kila kitu kilikuwa tayari: kibandiko kilekile, hesabu ileile, dola 76 za huko kwa kila kilomita 1,000.

Makosa yaliyofanyika pale yana mafunzo. La kwanza lilihusu magari mseto yanayochajiwa, ambayo hutumia umeme na petroli pia. Haya yangelipa mara mbili, mara moja kwenye pampu na mara ya pili kwenye odomita. Serikali ilikuwa imepanga dola 53 kwa kilomita 1,000, wenye magari wakalalamika, ikashusha hadi dola 38. La pili ni kubwa zaidi. Gari dogo mseto la petroli, lisilochajiwa, linaloweza kwenda kilomita 1,000 kwa lita 45 hivi, lililipa kwenye pampu takriban nusu tu ya zile dola 76. Yaani aliyeacha mafuta kabisa alitozwa karibu mara mbili ya aliyeyapunguza. Na haya yalikuja miezi michache tu baada ya ruzuku ya kununua magari safi kufutwa, mwisho wa mwaka 2023. Mauzo ya magari ya umeme yakaanguka. Kipimo kilikuwa sahihi, bei na majira havikuwa sahihi, na mtu anayetafuta sababu ya kuukataa mpango wote hatakutenganishia hayo.

Iceland nayo ilianza Januari 2024, krona 6 kwa kilomita kwa gari la umeme na krona 2 kwa gari mseto linalochajiwa. Mwenye gari huingia kwenye tovuti ya serikali, anaandika namba ya odomita, na malipo yanakadiriwa kwa mwezi. Napenda sana hilo la mwezi. Mtu anayelipia mafuta amezoea kulipa kidogokidogo. Ukimletea ankara ya mwaka mzima kwa mkupuo, hata kama jumla ni ndogo kuliko aliyokuwa akiilipa, ataiona kama adhabu.

Jimbo la Victoria huko Australia lilikuwa limetangulia. Kuanzia Julai 2021 lilitoza senti 2.5 kwa kilomita, na dereva alituma picha ya odomita yake. Madereva wawili wakaenda mahakamani, na mwezi Oktoba 2023 Mahakama ya Juu ya Australia, kwa majaji wanne dhidi ya watatu, ikaifuta sheria hiyo. Hoja haikuwa kwamba malipo ya kilomita ni maovu. Majaji wengi waliona kwamba tozo hiyo ni ushuru wa bidhaa, na katiba ya nchi hiyo, kifungu cha 90, inaipa serikali ya shirikisho peke yake mamlaka ya kutoza ushuru wa aina hiyo. Ninawatajia hili kwa sababu kila nchi yenye majimbo, kaunti au serikali za mitaa zenye madaraka itakutana na swali hilohilo: ni nani mwenye kalamu? Likijibiwa baada ya fedha kukusanywa, fedha hizo zitarudishwa na imani ya watu haitarudi nazo.

Uingereza imechelewa, lakini imetoa taarifa mapema, na hilo nalisifu. Katika bajeti ya Novemba 2025 Waziri wa Fedha, Rachel Reeves, alitangaza peni 3 kwa kila maili kwa magari ya umeme na peni 1.5 kwa magari mseto yanayochajiwa, kuanzia Aprili 2028. Hiyo ni takriban nusu ya kile anacholipa dereva wa kawaida wa petroli kwa maili kupitia ushuru wa mafuta. Dereva atakadiria mwendo wake wa mwaka, atalipa, kisha hesabu itasahihishwa odomita ikisomwa. Hakuna kufuatiliwa kwa setilaiti. Hata hivyo ofisi huru inayopitia bajeti ya nchi hiyo ilikadiria kwamba tozo yenyewe ingepunguza mauzo ya magari ya umeme kwa takriban 440,000 katika kipindi cha makadirio, ingawa hatua nyingine za bajeti hiyohiyo zingefidia sehemu kubwa. Tuliangalie hilo bila kufumba macho. Ukiitoza kilomita ya umeme, watu wengine watabaki na petroli. Dawa yake ni kuhakikisha kwamba kilomita ya umeme siku zote ni nafuu kuliko kilomita ya petroli, na kwamba pengo hilo limeandikwa kwenye sheria, lisitegemee hisani ya waziri wa mwaka huo.

Sasa nije kwenye jambo linalonigusa kuliko yote.

Kati ya mwaka 1983 na 1985 Hong Kong ilifanya jaribio kubwa. Magari yapatayo 2,500 yalifungiwa namba za kielektroniki upande wa chini, na nyaya zilizozikwa barabarani zikazisoma kila gari lilipopita. Kiufundi jaribio lilifaulu. Kisiasa lilikufa. Watu walijiuliza, kwa haki kabisa: ankara itakayokuja nyumbani ikionyesha gari lilipita wapi na saa ngapi, nani mwingine ataisoma? Polisi? Mwajiri? Miaka 40 imepita na vifaa vimekuwa bora mara elfu, lakini swali halijabadilika. Leo setilaiti inaweza kumfuata dereva hadi mlango wa hospitali, mlango wa nyumba ya ibada, mlango wa wakili wake, mlango wa ofisi ya chama. Kumbukumbu hizo zikishakuwepo, mtu atazitaka. Ataanza askari mwenye kesi nzito, ambaye hakuna atakayemnyima. Atafuata mwenye kesi nyepesi. Atafuata wakili wa ndoa inayovunjika, kisha kampuni ya bima. Maji yakimwagika hayazoleki, na safari za mtu zikishaandikwa mahali hawezi tena kuzifuta.

Oregon ilipitia njia hii kwa uangalifu. Iliunda kikosi kazi mwaka 2001, ikafanya majaribio, na mwezi Julai 2015 ikazindua mpango wa hiari kwa senti 1.5 kwa maili. Dereva huchagua: akitaka kifaa kinachotumia setilaiti, anakipata, akitaka kifaa kinachohesabu maili tu bila kujua mahali, anakipata pia. Sheria ya jimbo inataka taarifa za mahali na za mwendo wa kila siku ziharibiwe ndani ya siku 30 baada ya malipo kushughulikiwa. Hiyo ni sheria nzuri. Lakini mimi nasema, pale inapowezekana, ulinzi ulio imara kuliko kuharibu taarifa ni kutozikusanya kabisa. Odomita tayari imo ndani ya kila gari. Inajua umbali na haijui njia. Kwa gari la kawaida la mtu binafsi, hiyo inatosha.

Najua malori ya Ujerumani hutozwa kwa setilaiti tangu Januari 2005, na mfumo ule unafanya kazi. Sina tatizo nao. Lori ni chombo cha biashara, mwenye lori mwenyewe analifuatilia kila dakika, na safari zake zimeandikwa kwenye hati za mzigo. Gari la familia ni jambo jingine.

Hapa wachumi wengi hawakubaliani nami, na wana hoja. Tangu William Vickrey, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1996, wamekuwa wakieleza kwamba gharama kubwa ya gari moja la ziada mjini ni muda anaowapotezea madereva wengine kwenye foleni, na kwamba bei ya haki inapaswa kupanda saa za msongamano na kushuka usiku. Odomita haiwezi kufanya hivyo. Haijui kama kilomita yako ilikuwa katikati ya jiji saa mbili asubuhi au kwenye barabara tupu saa nane usiku. Nakubali. Lakini msongamano ni tatizo la maeneo machache na saa chache, na miji iliyolishughulikia imefanya hivyo kwa tozo ya kuingia kwenye maeneo hayohayo: Singapore kwa leseni za karatasi mwaka 1975 na kwa vyombo vya kielektroniki tangu 1998, London mwaka 2003, Stockholm kwa jaribio la mwaka 2006 na kwa kudumu tangu 2007. Anayeingia katikati ya mji anajua kwamba anapita mlango. Hiyo si sawa na kubeba shahidi ndani ya gari mwaka mzima. Mji unaotaka tozo ya msongamano uianzishe kwa jina lake na kwa kura yake. Kilomita ya taifa isibebeshwe mzigo huo.

Mtu wa tatu au wa nne ataniuliza kuhusu udanganyifu. Odomita za kisasa ni namba ndani ya kompyuta, na fundi mwenye kifaa kinachofaa anaweza kuzirudisha nyuma. Ni kweli, na tukiweka kodi juu ya namba hiyo tutaongeza sababu ya kuichezea. Ubelgiji ina jibu ambalo halikubuniwa kwa ajili ya kodi. Tangu mwaka 2006, chini ya mpango uitwao Car-Pass, gereji na vituo vya ukaguzi vinatakiwa kuandika namba ya odomita kila gari linapoguswa, na anayeuza gari lililotumika lazima ampe mnunuzi historia hiyo. Ukiwa na namba ya mwaka jana, ya miezi sita iliyopita na ya leo, anayerudisha nyuma anajionyesha mwenyewe. Kuongeza bima na uhamisho wa umiliki kwenye orodha ya nyakati za kusoma odomita si kazi kubwa. Hatutamkamata kila mmoja. Hata wauza mafuta yaliyochanganywa hatujawahi kuwakamata wote, na hatukuifuta kodi ya mafuta kwa sababu hiyo.

Mipaka ni ngumu zaidi. New Zealand na Iceland ni visiwa, kwa hiyo karibu kila kilomita iliyo kwenye odomita imetembelewa ndani ya nchi. Nchi iliyopakana na nyingine nne au tano haina bahati hiyo. Mtu anayevuka mpaka kila wiki hapaswi kulipia kwake kilomita alizotembea kwa jirani, na mgeni anayepita hapaswi kupita bure. Kwa huyu wa kwanza, ndipo ningeruhusu kifaa cha hiari, kwa sababu ni yeye anayefaidika nacho na ni yeye aliyekichagua. Wengine wote wabaki na odomita. Vivyo hivyo kwa mkulima ambaye nusu ya mwendo wake uko ndani ya shamba lake. Kwa mgeni, malipo ya siku mpakani yanatosha. Hayatakuwa sahihi kwa kilomita ya mwisho, na hayahitaji kuwa hivyo.

Sasa uzito, kwa sababu huu ndio mjadala ninaousikia ukipotoshwa zaidi. Kati ya mwaka 1958 na 1960 wahandisi wa Marekani waliendesha malori kwa takriban miaka miwili juu ya vipande vya barabara vilivyojengwa kwa ajili ya majaribio karibu na mji wa Ottawa, Illinois. Walichokiona kimeongoza ujenzi wa barabara tangu hapo: uharibifu unakua kwa takriban kipeo cha nne cha uzito wa ekseli, yaani mhimili unaobeba magurudumu. Ekseli ikiwa nzito mara mbili, inaumiza barabara mara 16. Basi wengine huchukua kanuni hiyo na kusema, gari la umeme lina betri ya mamia ya kilo, kwa hiyo linavunja barabara. Tuhesabu pamoja. Gari la petroli la kilo 1,500 na ndugu yake wa umeme wa kilo 1,900: kwa kanuni hiyo huyu wa umeme anaumiza mara mbili na nusu hivi. Inasikika vibaya. Lakini ekseli moja ya lori yenye tani 10, kwa kanuni hiyohiyo, inaumiza barabara sawa na kupita mara 10,000 kwa ekseli ya tani moja. Ukichukua mara mbili na nusu ya kitu kidogo sana, bado una kitu kidogo sana. Mashimo mnayoyakwepa asubuhi yamechimbwa na malori na maji ya mvua. Betri hazihusiki.

Hii ina maana mbili, na zote zina uzito kwa anayeandika sheria. Ya kwanza, kiwango cha gari dogo kisipandishwe kwa kisingizio cha betri. Gari dogo linastahili kulipa kwa sababu nyingine za kweli: madaraja, taa, alama, mifereji, uokoaji wa ajali, na nafasi ambayo kila gari hukalia barabarani hata likiwa jepesi namna gani. Ya pili, serikali isianze na mwenye gari dogo la umeme na kumwacha mwenye lori. Uswisi tangu mwaka 2001 hutoza malori kwa tani na kilomita kwa pamoja, na theluthi mbili za mapato hayo huenda kwenye serikali ya shirikisho, zikisaidia kugharimia reli ili mizigo ihame kutoka barabarani. New Zealand nayo hupandisha kiwango cha lori kwa uzito na idadi ya ekseli. Nchi inayotoza gari la umeme la kilo 1,900 huku lori la tani 40 likilipa ada ya mwaka tu imepindua haki juu chini, na madereva wataliona hilo haraka.

Kuna ndugu zetu wanaoishi mbali na miji, na kila mpango wa kilomita unapotajwa wanaambiwa kwamba wao ndio watakaoumia. Huruma hiyo ni nzuri, ila hesabu yake haijakamilika. Mkazi wa mbali tayari analipa kwa kilomita, kupitia mafuta, na mara nyingi kwa gari la zamani linalokunywa sana. Kilomita ikitozwa sawa kwa magari yote madogo, na kodi ya mafuta ikipungua, yeye mwenye gari la kunywa sana ndiye anayepata nafuu. Wapo wanaopendekeza kilomita elfu kadhaa za mwanzo ziwe bure kwa kila gari. Sikubaliani. Mwenye magari matatu atapata msamaha mara tatu, na mwenye moja analotumia kwa kila jambo atapata mara moja. Kama tunataka kumsaidia mtu wa mbali, tumjengee barabara inayopitika na usafiri wa umma unaofika kwake. Fedha za kilomita ni za kazi hiyo.

Na zitumike kwa kazi hiyo. Dereva akilipa kwa kilomita anaiona namba, anaijua bei, na atauliza fedha imekwenda wapi kwa ukali ambao hakuwahi kuwa nao alipokuwa akilipa ndani ya bei ya lita. Nalikaribisha swali hilo. Kila mwaka apewe maelezo pamoja na hesabu yake: kilichokusanywa, kilichotumika kuendesha mfumo wenyewe, na barabara zilizotengenezwa. Gharama ya uendeshaji itakuwa kubwa mwanzoni, magari yakiwa machache, na wapo watakaosema tusubiri hadi yawe mengi. Mimi nasema tuanze yakiwa machache. Kumwambia mtu bei kabla hajanunua ni uungwana. Kumwachia anunue gari kwa ahadi ya kilomita za bure, kisha kumgeukia wenzake wakishakuwa milioni kadhaa, ni kuvunja ahadi, na watu milioni kadhaa waliovunjiwa ahadi wana kura. Anayetaka kuanza polepole aanze na kiwango kidogo sana, hata kama hakitoshi kuziba pengo lolote, mradi utaratibu wa kusoma odomita na kulipa kwa mwezi uzoeleke, na ratiba ya kupanda kwa kiwango ijulikane miaka mitano mbele. Na ratiba hiyo iyaguse magari yote baadaye, ya petroli na ya dizeli pia, kodi ya mafuta ikipungua kwa hatua zinazolingana, isipokuwa sehemu yake inayolipia moshi. Moshi ni deni jingine, na gari la umeme halidaiwi deni hilo barabarani.

Waheshimiwa wabunge, muswada wa aina hii utakapofika mezani kwenu utakuwa na kurasa nyingi za viwango, faini na tarehe. Kabla hamjafika kwenye kiwango, tafuteni kifungu kinachosema ni taarifa gani zitakusanywa. Kiseme: namba ya gari, namba ya odomita, tarehe. Kiseme kwamba hakuna mamlaka itakayodai mahali gari lilipokuwa kama sharti la kulipa kodi hii, na kwamba kanuni za waziri haziwezi kuongeza chochote kwenye orodha hiyo bila kurudi bungeni. Kifungu hicho kikiwepo, nitasimama na serikali kutetea tozo hii mbele ya madereva, hata wakiichukia. Kisipokuwepo nitaupinga muswada huo hata kama bei yake ni senti moja kwa kilomita.

Asanteni kwa kunisikiliza. Mwenyekiti, naomba sasa tupokee maswali, na ningefurahi tukianza na madereva.